Salamu Tulizofunga Pamoja Kisian

Kisian, Kisumu
9 Februari 2025

Mpendwa kaka Laban,

Pokea salamu kutoka huku ziwani. U hali gani, na baridi ya huko Kanada imekuachia masikio? Sisi tu wazima. Mama anakula vizuri, magoti humsumbua tu akisikia kuna kazi. Mimi nilishikwa na mafua, yamekwisha.

Nikuambie ukweli kuhusu kazi yako. Kila ulipoieleza kwa simu nilikuwa naitikia kwa heshima tu. Nililoshika ni kwamba blockchain ni foleni moja ndefu: kila muamala unakaguliwa na kompyuta zote za mtandao, nafasi ni chache, na watu wakijaa ada inapanda. Basi ninyi wa rollup mnachukua miamala mingi, mnaimalizia pembeni, mnaifunga kifurushi kimoja na kukipeleka kwenye foleni kuu. Ada ya kifurushi wanagawana wote, kila mmoja akalipa kidogo. Nilishangaa mtu analipwa mshahara kwa jambo hilo. Kumbe lingetufaa nyumbani.

Ibada ya shukrani ya Mama ya mwaka juzi nilikusimulia. Kila mgeni alishika maikrofoni, akamsifu Bwana, akataja kwao, akataja hata waliomsomesha. Mama, ambaye kwa desturi husema mwisho, alisinzia kitini kabla ya zamu yake, na hotuba yake akarudi nayo nyumbani. Aliumia sana. Mwaka huu ametimiza themanini, tukaandaa ibada nyingine, nikaapa lazima asikike.

Nikawagawa wageni kwa mahema. Kila hema lisalimiane lenyewe, kisha mtu mmoja apeleke muhtasari kwenye maikrofoni. Ooko mwenye spika, anayelipwa kwa saa, alinuna kutwa. Na kwa kuwa ulisema kifurushi hakiaminiwi hivi hivi, bali huwekewa muda wa kupingwa, nilitangaza kwamba yeyote aliyesemewa asiyoyasema ainue mkono kabla ya chakula. Sahani zikishafika, yamepita.

Wenzangu wauza samaki wa Dunga walisemewa na Selpha, akamaliza upesi, na bado akapata nafasi ya kutangaza bei ya omena. Shida ilitoka hema la wajomba. Mjomba Waswa alisema wajomba wote kwa kauli moja wamemwahidi dada yao ng'ombe. Watu wakapiga makofi. Binamu yetu Walubengo, aliyeketi hema hilo hilo, akainua mkono.

"Bwana, mimi nilisema kuku. Hiyo ng'ombe imetoka wapi?"

Ng'ombe akaondolewa, kuku akabaki, na Mjomba hajanisemesha tangu siku hiyo.

Kifurushi cha walio mbali nilikisoma mimi. Nilikutaja wewe, nikamtaja shangazi Bridget wa Nairobi na wengine waliotuma ujumbe, nikasema wote wanamsalimu Mama na wanampenda. Jua lilikuwa bado juu, sahani zilikuwa zinakuja, nami nilijiona hodari. Hapo Mama akainua mkono.

Nilidhani anataka maji. Alichukua maikrofoni, macho makavu kabisa.

"Salamu ya wengine nimepokea. Ya Laban napinga. Sijamwona miaka sita, na huyu Nangila amemfunga pamoja na watu wa Nairobi. Yake alete mwenyewe."

Akaketi, akaomba samaki. Hiyo ndiyo hotuba aliyokuwa nayo tangu mwaka juzi.

Nilicheka na wenzangu, kisha nikaenda nyuma ya jiko nikalia. Nami nimekukumbuka, kaka, nisikufiche. Kanuni ni yako mwenyewe: kilichopingwa kwa wakati sharti kirekebishwe, na hiki mimi siwezi kukirekebisha.

Selpha anakusalimu sana, Walubengo pia, na Mjomba Waswa, ingawa za Mjomba nimebahatisha. Mungu akulinde kazini na akufungulie njia. Salamu za Mama usizitafute humu. Amesema anazo, utazikuta Kisian.

Wako akupendaye,
dada yako Nangila