Kiberiti 115, Risasi 327

Kanazi, Ngara
12 Machi 1997

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Biharamulo, na kikohozi cha Mama kimepungua. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio hautulii, na leo sitakuficha.

Kaneza unamfahamu, yule binti wa kambi ya wakimbizi niliyemleta Pasaka iliyopita, akakufurahisha kwa Kirundi chake. Namfundisha kemia kila Jumamosi, maana kwao alisoma kwa Kifaransa na Kiingereza chetu kinamtesa. Basi namwandikia kwa Kiswahili. Safari hii tulisoma kuyeyuka kwa elementi. Nilimweleza kwamba molekuli za oksijeni ni ndogo na huvutana kidogo mno, ndiyo maana hata ikigandishwa huyeyuka kungali baridi kali. Za kiberiti, yaani salfa, ni kubwa na huvutana zaidi, ila moto wa wastani huzitenganisha. Risasi, ile metali nzito, haina molekuli. Atomu zake zimeshikana zote kwa pamoja, hivyo hudai moto mkali. Mwishoni nikampa muhtasari, na kwa uvivu wangu sikuandika nyuzi za joto wala kuyeyuka. Niliandika tu: Kiberiti 115. Risasi 327.

Juzi mgambo wa kizuizi cha barabarani wakampekua, wakakikuta kikaratasi. Walimuuliza hizo risasi mia tatu ishirini na saba amezificha wapi. Akawaambia ni madini, akawaeleza molekuli na mvutano wake kwa Kiswahili cha kuokoteza, bila kukosea hata kidogo. Wakamcheka. Ijumaa anarudishwa Burundi, ng'ambo ya mto Ruvubu, walikouawa kaka zake.

Baba, hapa nakuomba unisikilize bila hasira. Jana waliniita, kwa kuwa Kaneza huonekana kwangu. Wakanionyesha karatasi, wakauliza kama naujua mwandiko. Nikasema siujui. Kaneza alikuwa amekaa chini, karibu nami kabisa, na alikwisha kuwaambia ameandika mwenyewe. Hakunitaja. Niliogopa wakichimba ukoo wetu, wajue kuwa nawe ulivuka mto huohuo mwaka sabini na mbili, wakati umetuonya tuseme sisi ni Wahangaza wa hapahapa Ngara tu. Naona aibu hata kuandika.

Secilia anayekuletea barua hii anaondoka sasa hivi. Ukiisoma, nitakuwa nimekwisha kufika kizuizini na daftari langu, walinganishe mwandiko. Wakiniuliza baba yangu ni mtu wa wapi, nitawaambia kweli.

Msalimie Mama, na mdogo wangu Elick pia. Wakija kuwauliza, mnilaumu mimi, si Kaneza.

Ni mimi bintiyo,
Frida