Pete ya chuma niliyokataa kupima

Masisi, siku ya posho (Jumamosi), 1967

Katika Masisi yote hakuna mwanaume kama mimi, hata machifu wanajua. Njo maana nilimucheka yule muuzaji wa Butembo aliyeniuzia pete ya chuma ya kuvaa kwa uume. Alinionya: "Papa, pima kwanza na kamba. Chuma haipanuke. Nusu saa tu, na usilale nayo."

Kamba? Kamba iko ya kufunga mbuzi! Nikachagua pete ile ndogo, sababu ilikuwa inang'aa.

Leo asubui nimevimba, nalia. Infirmie wa hospitali akanimwangia maji ya baridi, akakata pete na musumeno. "Ungechelewa, Papa, ingeoza. Kumbe Mama alikuchosha?"

"Mara tatu!"

Uongo. Jana usiku Mama Furaha, muke wangu, alikuwa angali anaosha sahani, mimi nikasinzia nayo.