Senene wa Angani

Ngenge, Jumapili, Desemba. Ni mwezi wa nne tangu nitoke nyumbani Bakoba, na wa sita tangu tukuzike kibanjani, kati ya migomba.

Mke wangu,

Nimechoka. Mchana nabeba minyororo na vigingi vya bwana mpima ardhi. Giza likiingia nasimama na taa kilimani ili aone alama yake anapopima kwa nyota. Juzi senene waliifunika taa yote, bwana akapiga kelele kutoka kilima cha pili. Nilicheka peke yangu. Nilikukumbuka ukiwala kwa siri, kwa kuwa wanawake mmekatazwa, kisha unanikazia macho: "Mimi? Nimekula lini?"

Jana alimaliza mapema, akaniita nichungulie kwenye darubini. Alikuwa ameielekeza kwenye zile nyota tatu zilizopangana, kando yake kidogo, pale uliponionyesha ukisema hao ni senene wa angani wanazunguka taa. Ulikuwa na macho, mke wangu! Ni wingu kama la senene kweli, ila halisogei. Lina ukijani hafifu, na pembeni niliona wekundu kama wa kahawa iliyoiva, labda ni uchovu wangu tu. Ndani yake mna nyota ndogo zimebanana.

Bwana akasema hapo ndipo nyota zinapozaliwa. Nyapara wetu akatutafsiria sisi wabebaji, halafu akaongeza lake: "Na mkunga wao ni nani?" Wenzangu wakacheka. Wewe ulikwenda ukijifungua, na mtoto naye hakulia. Mimi nilirudi hemani.

Lakini nilipoamka leo nilikuwa nimeamua. Kaka amenitumia habari kwamba amemtoa Koku wetu shuleni, achume kahawa. Eti msichana kalamu ataipeleka wapi. Ananiona niko mbali, wewe haupo, anadhani neno limekwisha. Ulimwambia mbele ya wageni: "Shemeji, huyu si wa kahawa zako." Sasa nitalisema mimi. Ni mkubwa wangu, na tunalala kwake. Akinifukuza, na anifukuze. Mikono hii itajenga kwingine, na Koku atasoma kupita mimi niliyeishia darasa la pili.

Lala, mke wangu. Usimwonee Koku wasiwasi tena, huo niachie mimi. Kazi huku inaisha kabla ya Pasaka. Jumatatu ya Pasaka naanza kutembea. Nikifika Bakoba nitapita kwa mwalimu kwanza, nimwandikishe Koku tena, ndipo niende kwa kaka.

Mume wako,
Baba Koku