Maji Nyuma ya Mwamba wa Kamilonga

Kamilonga, 3 Juni 2003

Mtani wangu Manase,

Salamu kwako, kwa mama watoto, na kwa Wangoni wote wanaokula panya huko Chipata. Hali yangu hairudi tena. Kifua kimekataa, na muuguzi ameacha kunidanganya. Kwa hiyo nianze na jambo nililolificha miaka thelathini na sita: siku maji yalipoingia mgodini na kumuua mdogo wako Zakeyo na wenzake watano, mimi nilijua kwamba maji yapo.

Unakumbuka nilikuwa karani wa wapima. Mzungu alitazama kwenye darubini, mimi nilishika fito na kupiga hesabu. Mbele ya njia mpya waliyokuwa wakichimba kulikuwa na mgodi wa zamani, wa kabla yetu, umejaa maji. Ramani ya Mzungu huyo, mkuu wangu, ilionyesha mita ishirini za mwamba katikati. Mimi nilipata mita nne. Nilirudia mara tatu, nikampelekea. Akasema, "Donato, tunamaliza shaba iliyobaki wiki hii, kisha tunafunga. Na kumbuka nyumba unayolala ni ya mgodi."

Nilikunja karatasi. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumatano mwamba ulipasuka. Sikumwambia mtu yeyote.

Ungekuja leo usingeutambua mji. Mnara wa kushushia watu umekatwa, umeuzwa chuma chakavu. Reli imeota nyasi. Shimo kubwa limejaa maji ya kijani. Wageni waliloweka mihogo humo mara moja tu, ikatoka na rangi ya shati la askari. Katika nyumba arobaini za Sekta B, zinazofuka moshi ni kumi na moja. Tangu tumzike mdogo wangu Pius mwaka jana, sina wa kuongea naye habari za zamani.

Kwa desturi wewe ndiye wa kunichimbia kaburi na kunitukana mbele ya wanangu. Sitaki uje bila kujua. Ukiona huwezi, niambie, wanangu watafute Mngoni mwingine.

Mtani wako,
Donato Kapampa


Chipata, 19 Juni 2003

Mla nyani mzee,

Nimepokea barua yako. Sisi wazima, ila magoti. Mama watoto anakusalimu, anauliza kama bado una lile koti la kuazima.

Niliisoma nikaiweka. Nikaenda shambani, nikarudi, nikaisoma tena. Sasa nakujibu. Ungesema, wangekufukuza, tena huenda wangekufunga. Ulikuwa na watoto watano. Mzungu yule angesema karani Mbemba hajui kuhesabu zaidi ya mikia ya nyani, nani angekuamini? Mwenye kosa ni yule aliyekuwa na ramani. Mimi nimeliacha.

Isitoshe, siku ile haikuwa hata zamu ya Zakeyo. Pius aliamka akiumwa tumbo, msimamizi akaja kumtoa Zakeyo kitandani ashike nafasi yake. Hilo ni la Mungu, Donato, si lako. Pius alilijua, ndiyo maana mwanawe wa kwanza alimwita Zakeyo. Mama yangu alimpenda Pius kwa jina lile mpaka anakufa.

Na mazishi je, umesahau? Ulishuka kaburini kabla ya jeneza, ukalala chali, ukapiga kelele: "Wangoni! Mbona nilidhani panya huogelea?" Mama alikuwa hajala siku nne. Alicheka mpaka akaomba uji. Deni hilo nitakulipa. Nitalala kwenye kaburi lako, na sitoki mpaka wanao waniletee jogoo, tena mweupe.

Mtani wako mla panya,
Manase Jere


Chipata, 11 Agosti 2003

Mtani,

Hujambo? Mwezi wa pili huu sipati neno. Kama umekufa bila kunipa taarifa, huo ni utovu wa adabu, hata kwa Mbemba. Jembe langu nimelitia mpini mpya. Andika hata mstari mmoja, au mwambie mwanao aandike.

Mtani wako,
Manase


Kamilonga, 2 Septemba 2003

Manase,

Salamu kwa nyumba yako. Mimi bado nipo, silali chini, naegemezwa ukutani. Barua zako zote mbili zilifika. Ile ya kwanza nimeisoma mara nyingi, na kila nikifika penye jina la Pius naikunja.

Umenisamehe kwa barua niliyoiandika. Barua ile ilikuwa na upungufu. Sitaweka neno mtani chini ya hii. Baada ya kuisoma utaliweka wewe mwenyewe, au utaliacha. Jembe nalo ni lako.

Yale ya kaburini hayakuwa utani. Nililala mle ningoje mtu mmoja ashuke anipige. Mama yako akacheka, na wote wakacheka, nami nikapewa mkono nitoke.

Niliandika kwamba sikumwambia mtu yeyote. Si kweli. Jumanne jioni, nikitoka ofisini, nilipita Sekta B. Pius alikuwa ameketi mlangoni, anakula ugali wa nshima na dagaa, akimtania mke wake. Tulikaa kidogo. Sikumweleza sababu, naye hakuuliza, wala hakuuliza baadaye. Alipopata mtoto alinitazama wakati wa kutaja jina, basi.

Jumatano asubuhi nilikuwa kwenye lango la mgodi. Zakeyo alipita akifunga mkanda wa taa, macho bado yana usingizi. Akaniita mbele ya watu: "Wewe mla nyani! Ndugu yako mmemlisha mkia, sasa anaharisha, na mimi ndiye nakosa usingizi!" Kizimba cha kuteremkia mgodini kilikuwa bado kinasubiri watu wawili. Nilikuwa na muda wa kusema. Nilimjibu tusi kama ilivyo desturi, akacheka, akaingia.

Pius hakuwa akiumwa tumbo. Mimi ndiye niliyemwambia abaki nyumbani.