Deraya ya Fomu Sita

3 Machi

Binti yangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U mzima? Kifua bado kinakusumbua, au vumbi la karakana yenu limeanza kukuonea huruma? Huku hatujambo. Mama yako anasema usiache kula asubuhi. Goti langu la kushoto linalalamika, lakini lilianza kulalamika kabla hujazaliwa, basi tuliache.

Najua huu ni mwaka wa tatu nakuandikia mistari miwili tu chini ya barua za mama yako. Leo naandika mwenyewe kwa sababu nina shida.

Chama chetu cha wastaafu kinaigiza mchezo, na mimi ni jemadari. Usicheke. Deraya ya kunikinga na mapigo nimejitengenezea kwa karatasi na gundi ya unga, tabaka juu ya tabaka, kifua na mgongo, kazi ya majuma manne. Juzi kwenye mazoezi, mwoka mikate, ambaye ni adui yangu katika onyesho la mwisho, alinipiga rungu moja tu na deraya ikabonyea kama kopo. Wenzangu walicheka mpaka mmoja akaomba maji ya kunywa. Mwalimu mkuu mstaafu, anayetuongoza, amenipa hadi tarehe kumi na mbili Aprili. Isiposimama imara, ujemadari unakwenda kwa mpeleka barua mstaafu, ambaye hata kutembea kijeshi hajui.

Nasikia nyinyi mafundi wa faiba mna dawa ya kuifanya karatasi iwe ngumu kama ubao. Nieleze nifanyeje.

Baba yako

10 Machi

Shikamoo baba,

Mimi sijambo, kifua kimetulia tangu tulipopata barakoa mpya. Mwambie mama nakula asubuhi, na mchana nakula tena. Goti nalipa pole.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, hapa karakana. Mafundi wenzangu wote wako upande wako dhidi ya mwoka mikate.

Nitakueleza, ila kwanza nitoe la moyoni, maana nikilimeza litanikaba. Mama aliniambia kwamba majirani unawaambia nafanya kazi ofisini. Baba, nimeziba matangi ambayo mitaa mizima inakunywa maji yake, na bado kwako hiyo si kazi ya kutajwa. Iliniuma sana. Nimeshasema, sasa tuendelee.

Deraya ikauke kabisa, siku tatu juani. Fanyia kazi nje penye upepo, uvae glavu na barakoa ninayokutumia. Kitambaa cha mama hakizuii mvuke ule. Chukua kikombe kimoja cha rezini, ile gundi yetu ya majimaji, tia nusu kijiko cha chai cha kigumushi cha kuigandisha, koroga taratibu. Tabaka la kwanza paka nje, uiache karatasi inywe. Likishakauka, bandika mkeka wa nyuzi za faiba kwa ndani na uulowanishe kwa brashi mpaka weupe wake upotee. La tatu paka nje tena. Vitu vyote natuma kwa basi la kesho.

Ulizoea kuniambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Safari hii mkuu ni mimi.

Binti yako

27 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Natumaini afya yako bado njema. Sisi ni wazima, ila mama yako hasemi nami tangu Jumanne, na sababu utaiona.

Ulisema nusu kijiko, na ulisema tabaka tatu. Mimi nimekuwa karani miaka thelathini na moja, na kila kitu nimekifanya kwa nakala tatu. Nikaona nikitia nusu tatu zote kwenye kikombe kimoja, nitajipunguzia safari. Kikombe kikawa cha moto, kikaanza kufuka moshi, na kabla sijapata pa kukiweka brashi ilikuwa imesimama ndani kama mlingoti. Kilikuwa kikombe cha mama yako, kile chenye maua.

Nilianza upya, nikafuata maneno yako neno kwa neno. Deraya sasa ni ngumu hasa. Nimeigonga kwa nyundo, nyundo ikarudi. Tatizo ni kwamba haivaliki. Sikupenda pande ziachane, kwa hiyo niliziunga kifua na mgongo kushoto na kulia, kama faili lililofungwa kamba. Nilikuwa nimeiundia juu ya gunia la nguo, na nguo nilizitoa kwa chini bila shida. Mimi mwenyewe sikufikiria nitaingilia wapi. Mwoka mikate alikuja kunisaidia, akavuta, mabega yakagoma. Tulikaa hivyo robo saa, mimi nikiwa nimeinua mikono na kichwa kikiwa ndani, naye akiniuliza kama nakubali kushindwa.

Kuna jambo jingine. Rezini imeifanya karatasi ionyeshe ndani, kama iliyomwagikiwa mafuta, na maandishi ya chini yametokea. Unazikumbuka zile fomu za kuomba ukarani nilizokujazia mwaka ule, ukakataa kutia sahihi? Zilikuwa sita. Nilizitunza kwenye droo miaka yote hii nikingoja ubadili nia. Mwezi wa pili nilitaka karatasi nzito, nikafungua droo, nikakaa nazo mapajani muda mrefu, kisha nikazipaka gundi. Tano nilizichana. Ya sita niliibandika nzima, chini ya tabaka la mwisho tu, upande wa moyo. Sasa jina lako linasomeka kifuani kwa mwandiko wangu, na chini yake pameandikwa "Sahihi ya mwombaji", na hapo ni patupu.

Kuhusu majirani, ni kweli nilisema. Sina utetezi.

Zimebaki siku kumi na sita. Nimepata kisu cha jikoni. Niikate wapi?

Baba yako

1 Aprili

Shikamoo baba,

Mimi ni mzima. Nilicheka mpaka fundi mkuu akaja kuuliza kuna nini, kisha nikalia kidogo, na sikumweleza kwa nini.

Usiikate. Kisu kirudishe jikoni kabla mama hajakiona. Nakuja Jumamosi na msumeno mdogo. Tutaipasua mbavuni, tuweke bawaba upande mmoja na mikanda upande wa pili. Rangi paka kote unakotaka, ila kwenye ile fomu usipaguse.

Kikombe chenye maua nimekipata sokoni, kinafanana.

Binti yako

20 Aprili

Binti yangu,

Nakusalimu kwa furaha. Ulifika salama? Mama yako ni mzima na anaongea nami, hata zaidi ya mahitaji yangu. Goti langu halijalalamika juma zima, nadhani linamwogopa jemadari.

Ulitaka habari za mchezo. Mwoka mikate alinipiga kwa nguvu zake zote, maana mazoezini alikuwa ameonja kicheko na alitaka tena. Rungu likapasuka vipande viwili. Deraya haikupata hata alama, na mimi nikasahau maneno yangu, nikabaki nimesimama nikitabasamu. Watu walishangilia hata hivyo.

Baadaye yule jirani wa mlango wa kijani aliniuliza nani amenitengenezea chuma kile. Nikamwambia si chuma, ni karatasi, na aliyeiimarisha ni binti yangu, fundi wa faiba. Akasema, "Si yuko ofisini?" Nikamwambia hajawahi kuwa ofisini, nilikuwa nadanganya kwa kuwa niliona haya, na sasa haya ninayoiona ni ya uongo ule. Nilisema mbele ya watu, kwa sauti ya jukwaani.

Ile Jumapili ulipochukua kalamu nene ukakata neno "karani", ukaandika "fundi", ukatia sahihi na kupaka rezini juu yake, nilitoka nje. Usidhani nilichukia. Usiku nilirudi na tochi, nikaisoma sahihi yako mara tatu.

Deraya iko ukutani sebuleni. Mpeleka barua alikuja kuiazima, nikamweleza kwamba hati iliyotiwa sahihi haitoki kwenye faili.

Na kwa kuwa mwombaji ametia sahihi, ombi lake nimelipitisha. Limechelewa miaka mitatu. Kosa ni la ofisi.

Baba yako