Gauni la Mchawi wa Bonde la Mawe

Jumatatu, 4 Machi

Sijawahi kumwambia mtu hili, hata rafiki yangu wa dawati moja: nampenda Mchawi wa Bonde la Mawe. Yule yule wa kitabu cha hadithi cha shule ya msingi, aliyegeuza harusi nzima kuwa mawe, kisha mchunga mbuzi akamsukuma kisimani na darasa zima likashangilia. Mimi sikushangilia. Nilitaka kujua — kwa nini harusi? Kwa nini si soko, au kambi ya askari? Kitabu kinasema tu ni uovu wake. Basi!

Ndiyo maana naiandika upya hadithi yake, sura baada ya sura, kwenye mtandao mmoja wa hadithi. Huko naitwa Kobe. Darasani nikiulizwa swali sauti hunikauka, lakini Kobe ana wasomaji!

Sura ya leo imenisumbua. Nilimfanya mchawi alie sana. Nikasoma tena, nikaona nimemharibu. Wale watu ni mawe kweli, wana watoto nyumbani. Nikimwonea huruma tu, atakuwa mwanasesere. Nimefuta machozi yote. Nimempa mambo ya mama mdogo anaposhona nguo za wateja: anaongea na pini mdomoni, anapima kwa shubiri, anakukaripia kwanza halafu anakuwekea kipande kikubwa cha nyama. Sasa anapumua.

Jumatano, 6 Machi

Makubwa! Mama mdogo anaifuata hadithi yangu! Au tuseme anasomewa. Nimefika kibandani kwake kutoka shule, yeye yuko kwenye cherehani, na msusi wa mlango wa pili yuko kwenye kigoda na simu, anasoma kwa sauti za kila namna — ya mchawi nzito, ya mchunga mbuzi inatokea puani. Nikajifanya natafuta uzi chini ya meza.

"Huyu mchawi ni wewe mtupu," msusi akasema. "Tema pini, mwenzangu, tukuelewe."

"Mimi ningekuwa yeye, wewe ungekuwa jiwe zamani. Soma, acha umbea."

Kisha akaniambia nitoke uvunguni, uzi uko juu ya meza.

Wasomaji wengine wanaandika: muue! Kisimani! Mama mdogo kasema Kobe akimuua mchawi kabla ya kueleza ya ile harusi, atamtafuta na mkasi.

Ijumaa, 8 Machi

Nimepandisha sura ya harusi!

Kwenye kona ya kibanda linaning'inia gauni jeupe ndani ya nailoni, bado lina pini kiunoni. La mteja asiyerudi. Wa hivyo ni wengi. Nimempa mchawi. Kwenye hadithi yangu ni lake mwenyewe, kalishona usiku na mchana, halafu bwana harusi akaoa mwingine. Akaenda harusini kama mgeni. Hakuna aliyemsalimu — wote walikuwa wanajua. Ndipo akainua mkono.

Sijamsafisha. Kuna mtoto mbeba maua, naye kawa jiwe, na mchawi alimwona.

Jumamosi, 9 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nilikuwa napiga pasi. Msusi akaanza sura mpya. Alipofika kwenye gauni akapunguza sauti, akatazama kona. Cherehani ikanyamaza. Nami nikatazama kona — mjinga mimi! Hakuna mteja! Kiuno kile ni cha mama mdogo.

"Nani kamwambia huyu mtu?" akauliza. Polepole.

Msusi akaapa si yeye.

"Ulikuwa unajua wewe peke yako."

"Jamani! Mimi naropoka, ndiyo, lakini hilo la gauni nililimeza!"

Hawa wawili ni marafiki tangu sijazaliwa.

Mama mdogo akamwambia amalizie. Akasoma mpaka kwa mtoto wa maua. Mama mdogo akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye kimto cha pini.

"Alimwona mtoto," akasema. "Hasira ndivyo ilivyo. Unaona kabisa, na unaendelea."

Halafu, bila kumtazama msusi, akamwambia arudi saluni, wateja wanamngoja. Saluni ilikuwa tupu, tuliiona wote. Msusi akainuka, akakumbatia kigoda chake, macho yamejaa.

Nikazima pasi. Nikamwambia msusi, "Subiri, mama," sauti ikatoka nusu. Nikatoa simu yangu, nikaingia kwa jina la Kobe, nikafungua sura ya mwisho ambayo hakuna aliyeisoma — mchawi amesimama ukingoni mwa kisima, sijaamua. Nikaiweka juu ya cherehani. Nikasema, "Mama mdogo, ni mimi. Hakuna aliyeniambia. Nilidhani ni la mteja."

Akaichukua simu.

Nikaja huku nyuma ya pazia la kujaribia nguo, ndiko naandika haya. Msusi yuko mlangoni bado, na kigoda. Mama mdogo anasoma mwenyewe, kwa sauti ya chini. Amefika kisimani.