Mahindi ya Mstari Mmoja

Mjukuu wangu Elia, mume wangu wa huko Mwanza,

Marahaba. Salamu zako nimezipata, pamoja na picha ya mahindi yako. Huku Kikuyu hatujambo, babu yako anakohoa kidogo tu, na mvua imetukumbuka.

Unauliza kwa nini mahindi yako yana mapengo. Yangu ya kwanza yalikuwa hivyo hivyo. Nilikuwa nimeolewa karibuni, babu yako yuko safarini kikazi, nami sijazoeana na mtu hapa. Nilipanda mstari mmoja kando ya ua wa miba uliotutenganisha na jirani. Nilipovuna, kila hindi lilikuwa na punje za kuhesabika.

Jirani yangu Mama Salma, Mrangi wa Kondoa, alinikuta nalia. Sidhani kama nililia kwa ajili ya mahindi tu.

"Mwanangu, hindi hujaa kwa unga unaodondoka kutoka mbelewele, yale maua ya kileleni, za mwenzake," aliniambia. "Ukipanda mstari mmoja, upepo unaupeleka unga huo kwingine. Mwakani tupande pamoja, mistari mingi iliyokaribiana."

"Na huu ua je?"

"Tutautoa."

Tukautoa. Mwaka uliofuata mahindi yalijaa, tukayachoma kwenye jiko lake huku tukicheka. Kabla hatujamaliza kuvuna, uchungu ulinishika, babu yako akiwa mbali tena. Niliita mara moja tu, Mama Salma akaja mbio akipita katikati ya mahindi. Mama yako alizaliwa mikononi mwake, na hadi leo namshukuru Mungu kwa jirani yule.

Bibi yako akupendaye,
Bibi Mariamu